Abiria wa Kilo Sabini na Nane

Mimi nina wivu. Naanza na hilo ili baadaye mtu asije akasema nilificha. Mama yangu alikuwa nao, shangazi zangu wote wanao, na dada yangu mkubwa aliwahi kumnunia mumewe wiki nzima kwa sababu ya ndoto aliyoiota yeye mwenyewe. Watu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimeushiriki miaka ishirini na tisa ya ndoa, na kukonda sijakonda.

Kazi yangu ni kushona siti za pikipiki. Duka langu ni chumba kimoja kwenye mtaa wa magereji, chenye cherehani nzito, kisu kirefu cha kukatia sponji, na benchi ninapopanga siti zinazosubiri wenyewe. Wananiita Mama Sponji. Mtu akija analalamika kwamba siti yake inamuumiza, simwulizi inamuuma wapi. Namkalisha juu ya kipande cha sponji laini, tunapiga soga dakika tano, akinyanyuka naangalia alama aliyoacha. Makalio hayajui kusema uongo. Naona anaegemea upande gani, mgongo wake ukoje, kama anapenda kusogea mbele au kujilaza nyuma. Ndiyo maana siku zote nilijiona mtu asiyefichwa kitu.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini na mbili alizunguka na gari la ofisi lililojaa mawe ya mizani, yale ya chuma, akiingia masoko na maduka ya watu kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Mtaani anaitwa Bwana Mizani. Ni mtu wa maneno machache kupita kiasi, mimi nikisema maneno mia yeye hujibu, "Ehe." Lakini jicho lake, jamani! Atatazama gunia linashushwa kwenye lori, aseme, "Tisini na moja," na likiwekwa kwenye mizani ni tisini na moja. Na hana huruma. Binamu yangu mwenyewe alimfungia duka kwa sababu ya gramu hamsini, na mwaka mzima yule binamu hakuitikia salamu yangu.

Wiki aliyostaafu alikaa mezani, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Nataka kununua pikipiki ya safari ndefu."

"Uende wapi?"

"Kule kule nilikokuwa nakwenda. Miji yote. Wiki tatu hivi." Akafikiri kidogo. "Nataka nifike mahali bila kumkamata mtu."

Nilicheka, lakini moyo ulinipiga paa. Maana mimi na pikipiki ya mume wangu tulikuwa na kesi. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa na kapikipiki kadogo, akanibeba, tukateleza kwenye changarawe. Nilichubuka kuanzia kiwiko hadi begani. Nikasimama pale barabarani, wapita njia wote wanasikia, nikapiga kelele: "Mimi na pikipiki yako basi! Nikipanda tena labda mnibebe maiti!" Hasira zile ziliisha kabla hata kidonda hakijapona. Lakini ningeanzaje kusema? Nilisubiri anibembeleze. Mume mwingine angekuja na maneno matamu, "Twende basi mke wangu, nitakwenda polepole." Wangu alilichukua neno langu kama lilivyotoka kinywani, akaliweka pembeni, hakuligusa tena. Miaka kumi na moja nikawa nashona siti za watu wa nyuma, wake za watu, wachumba wa watu, na mimi nakwenda sokoni kwa miguu.

Kwa hiyo aliposema safari ya wiki tatu, nilitaka jambo moja tu hapa duniani. Nilitaka aniambie, "Twende."

Hakusema. Alinunua daftari.

Pikipiki alizokuwa akizitazama zilikuwa za aina tatu, na watu wa mtaa wetu huziita kwa picha iliyo kwenye tangi. Ya kwanza ni Korongo. Hiyo ni raha tupu: kioo kikubwa cha kuzuia upepo, siti ndefu, pana, ukikaa hutaki kushuka. Lakini gereji inayoijua ni moja tu, hapa hapa mjini kwetu, na kikikuharibikia kifaa unaagiza ng'ambo na kungoja miezi miwili. Ya pili ni Kifaru. Inanguruma, ni nzito, siti yake ngumu kama ubao wa kukatia nyama, lakini injini yake haijui kufa, na kila mji wenye soko una fundi wa Kifaru na spea zake. Ya tatu ni Mshale, ambayo iko katikati: siti nzuri, mafundi wapo miji mingi, ila watu walikuwa wakinong'ona kwamba springi zake za nyuma hazipendi mzigo. Mume wangu aliziandika zote tatu kwenye lile daftari kwa mistari iliyonyooka: raha, uimara, huduma. Akawa anaulizia kila mtu, madereva, mafundi, mapolisi wa barabarani.

Na akawa anamwuliza Mama Spea.

Mama Spea ana duka la vipuri, linatazamana na langu. Mumewe alikwenda ng'ambo kutafuta maisha akasahau njia ya kurudi. Huyo mama anaendesha pikipiki kubwa mwenyewe, anavaa suruali, na anacheka mpaka fizi za mwisho zinaonekana. Yeye humwita mume wangu kaka, kwa hiyo mimi ananiita wifi. Wifi wa wapi? Ukoo gani umetukutanisha? Baada ya kustaafu, kila asubuhi mume wangu alivuka barabara akaketi kwenye stuli ya kaunta yake, daftari gotini, na mimi kutoka mlangoni kwangu naona mdomo wake unakwenda. Mume wangu, anasema! Maneno ambayo mimi sikuyapata tangu harusi, yanamwagwa pale juu ya maboksi ya plagi na cheni. Nilijichoma sindano kidoleni mara mbili asubuhi moja.

Siku moja alikuja dukani kwangu, akasimama karibu na benchi, akagusa gusa sponji. "Siti ya nyuma ya Korongo," akasema, "wewe unaionaje?"

"Nzuri," nikajibu kifundi. "Pana, ina pa kuegemea. Ya nani?"

"Ya abiria."

"Abiria gani?"

Akaangalia viatu vyake. "Abiria tu."

Ningekuwa na akili siku ile, ningemtazama usoni. Lakini mwenye wivu hatazami uso, anatafuta ushahidi. Nikasema, "Kama abiria wako ni tajiri wa kungoja spea miezi miwili porini, mnunulie Korongo." Akaandika kitu daftarini, akaenda zake.

Hilo daftari nililisoma kesho yake, alipokuwa bafuni. Najua si adabu. Kwenye ukurasa wa katikati, kwa mwandiko wake wa ukaguzi, palikuwa na maneno haya: *Abiria: kilo 78. Anachoka akikaa muda mrefu. Asiachwe na njaa.*

Nilisoma mara tatu. Kilo sabini na nane! Mimi nina sabini, ukoo wote unajua, nimesema hivyo miaka yote. Kwa hiyo si mimi. Na huyo asiyetakiwa kuachwa na njaa ni nani kama si yule aliye na sahani ya karanga kwenye kaunta kutwa nzima? Nilimvuta akilini Mama Spea, nikampima kwa macho ya hasira, na kwa macho ya hasira alitimia sabini na nane bila kupungua hata robo. Mume wangu amemjulia mpaka kilo zake! Mimi, mkewe, hajawahi kuniuliza kilo. Lile bafu lilipofunguliwa nilikuwa nimeketi kitandani kama sanamu, nikasema kichwa kinaniuma. Kweli kilikuwa kinaniuma.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Nilikuwa nakata sponji ya siti ya mteja mmoja, kazi ya haraka, mwenyewe yuko nje anangoja. Nikasikia mlio wa pikipiki nisioujua. Nikainua macho. Mshale nyekundu, namba za majaribio za dukani, inapita mbele ya mlango wangu. Mbele mume wangu, kanyooka. Nyuma Mama Spea, kamshika kiuno. Na mgongoni kwa Mama Spea begi limejaa, limevuta mabega yake nyuma.

Wameshafungasha! Ndivyo nilivyosema, tena kwa sauti, na mteja wangu alisikia. Yule mwanamke akaniona, akanyanyua mkono na kupiga kelele, "Wifiii!" huku anacheka, wakapinda kona. Nilipotazama chini nilikuwa nimeikata sponji ya mteja vipande viwili, katikati kabisa.

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Sikumwonea wivu kwa kiuno tu. Kiuno kitu gani. Nilimwonea wivu kwa kukaa pale, mahali ambapo nilikuwa nimepaota miaka kumi na moja huku nashonea wengine, na yeye amepapanda Alhamisi tu, siku ya kazi, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake.

Mume wangu alirudi saa kumi, uso umepigwa na upepo, kachangamka. Hata helmeti hajaivua akauliza, "Umeiona ile Mshale? Siti yake ya nyuma unaionaje?"

Hapo nikapasuka.

"Siti ya nyuma ya nini?" nikamwambia. "Mtu mwenye mvi kama wewe unatafuta abiria? Huna haya? Nunua pikipiki ya mtu mmoja uende zako. Nyuma weka boksi! Boksi halili, halichoki, wala halicheki na waume za watu!"

Alivua helmeti polepole. Akanitazama, akanitazama, mpaka nikaona vibaya. "Ndilo neno lako?"

"Ndilo."

"La mwisho?"

"Unataka nikuandikie kwenye daftari?"

"Hapana," akasema. Akatoa kalamu, akapiga mstari mrefu kwenye ukurasa, akalifunga daftari. "Haya."

Nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona nimemkomesha mwanamke mzima bila hata kumgusa. Siku zilizofuata mume wangu hakuvuka tena barabara. Alishinda nyumbani akisafisha mawe yake ya mizani kwa kitambaa, moja moja, na nikimsemesha anajibu, "Ehe." Mimi dukani naimba. Nilishona siti sita wiki ile, na kila Mama Spea alipotoka nje nilizidisha sauti.

Jumatano, kabla ya saa sita, Mama Spea aliingia dukani kwangu akiwa ameshika kiuno. Akajitupa kwenye benchi, katikati ya siti za watu.

"Wifi, nisaidie kipande cha sponji nikalie. Mumeo ameniua mgongo."

Nilikuwa na kisu cha sponji mkononi. Nilikiweka chini kwanza, Mungu ni shahidi. "Amekufanyaje?"

"Si yale mavyuma yake! Tangu Alhamisi sijanyooka. Alinijazia begi mawe ya mizani, kilo kumi na mbili, nikabebeshwa mgongoni kama punda. Mimi nina sitini na sita. Akasema anataka abiria wa sabini na nane kamili, aone springi za Mshale zitalala kiasi gani. Nikamwambia, kaka, si umpandishe mwenyewe? Akasema hapana, mwenyewe aliwahi kuanguka, anaogopa. Anataka siku akimpandisha iwe imeshajaribiwa na isiwe na kasoro hata moja."

"Mwenyewe nani?"

Mama Spea akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wifi, kwani wewe una kilo ngapi?"

"Sabini."

Hakucheka. Mwanamke anayecheka hata bei ya mafuta ikipanda, siku ile hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilitoka nikavuka barabara. Dukani kwake, nyuma ya kaunta, kuna mizani ya sakafuni anayopimia boliti na cheni za jumla. Nilivua viatu. Nilivua mkufu pia, na mkanda wenye mkasi. Nikapanda. Mshale wa mizani ulikwenda, ukapita sabini bila kupunguza mwendo, ukatulia kwenye sabini na nane.

"Mizani yako mbovu," nikamwambia Mama Spea, aliyekuwa amenifuata akichechemea.

"Ina stika ya mumeo, wifi. Kaikagua mwezi wa tatu."

Nilibaki pale juu nimesimama. Mtu aliyefunga duka la binamu yangu kwa gramu hamsini! Miaka yote ninaposema sabini mbele za watu, yeye yupo pembeni, jicho lile lile linalosoma magunia kwenye lori linanisoma mimi, na hajawahi kufungua mdomo. Kilo nane nzima alizinyamazia. Na lile daftari, "asiachwe na njaa," jamani, ni nani katika nyumba yetu anayegombana na kila mtu chakula kikichelewa?

"Yuko wapi sasa hivi?" Mama Spea akauliza.

"Nyumbani."

"Hayupo nyumbani. Amepita hapa asubuhi kuelekea duka la Kifaru. Nilidhani mmekubaliana."

Sijakimbia tangu nilipokuwa shule, lakini siku ile nilikimbia. Duka la Kifaru liko kwenye barabara kuu, la vioo vitupu, sakafu inateleza kama sabuni. Nilipoingia nilimkuta mume wangu amesimama na kijana wa mauzo aliyevaa tai, na mbele yao pikipiki ya kijivu, mpya, imeshafungwa namba. Siti moja. Nyuma boksi jeusi lenye kufuli.

"Baba watoto," nikasema, pumzi hakuna, "ngoja."

"Nimeshasaini."

"Lini?"

"Jana. Leo nimekuja kuichukua."

Niliizunguka pikipiki ile. Nilitafuta pa kuwekea miguu ya mtu wa nyuma, hapakuwepo. "Siti si tatizo," nikasema. "Ng'oa hilo boksi. Siti nitashona leo leo, ikifika jioni nimemaliza."

Mume wangu aliinama akanionyesha kibati kidogo chini ya boksi, kimepigwa mhuri wa kiwandani: *Mzigo usizidi kilo 30.* Siti naweza kushona. Chuma siwezi kushona. Na namjua mume wangu: kilichopigwa mhuri kwake ni kama neno la Mungu.

"Thelathini," akasema taratibu.

"Na mimi nina sabini na nane!" Nilisema kwa sauti, mbele ya yule kijana wa tai na wateja wengine watatu. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu.

Aliangalia sakafu. "Najua."

"Kama ulikuwa unataka kunichukua, kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza. Ya Korongo nilikuuliza. Ya Mshale nilikuuliza."

"Uliniuliza siti! Mimi ni siti?"

"Ulisema labda ubebwe maiti," akasema. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na katika miaka ishirini na tisa sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Mtu aliyesema hivyo unamwanzaje? Nikasema nikipata siti ambayo wewe mwenyewe, kama fundi, utaisifu, basi nitajua naweza kukuomba. Ile Alhamisi nilikuja kukuomba. Ukaniambia niweke boksi."

Nililia. Nililia pale pale dukani, na yule kijana wa mauzo akaniletea kiti na glasi ya maji, akanibembeleza kwamba kuna utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Mume wangu alimwuliza kama wanaweza kubadilisha wakatupa ya watu wawili. Haiwezekani, akasema yule kijana, pikipiki ikishaandikwa jina la mtu hairudi dukani. Tukarudi nyumbani, yeye akiisukuma polepole pembeni ya barabara, injini imezimwa, na mimi natembea upande wa pili, kwa sababu hakutaka kupanda mimi niko kwa miguu.

Nyumbani nilimweleza yote. Nilimweleza la daftari, la Mama Spea, la begi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa mshangao kabisa, "Wivu? Kwangu mimi?" Akajitazama kwenye kioo cha kabati, kana kwamba angeona kitu ambacho mimi ninakiona. Halafu akasema, "Basi nisiende."

Nawaambieni ukweli, wivu wangu ulitaka nijibu, "Ndiyo, usiende." Wiki tatu barabarani, miji yote ile, wauza chai wote wale, na yeye kachangamka kwa upepo. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza, likapita koo linakwaruza.

"Nenda," nikasema. "Nami nakuja. Kwa basi."

"Mgongo wako je?"

"Mgongo wangu niachie mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi ya Jumatatu yeye alibaki uani anakaza mkanda wa boksi, na mimi nikaenda stendi na mkoba wangu, funguo za duka nimemwachia Mama Spea. Tulikubaliana tukutane mji wa kwanza, mbele ya soko. Nilipata kiti cha dirishani. Sponji yake ilikuwa imekufa siku nyingi, nasikia chuma, lakini nilikuwa nimebeba kipande changu mwenyewe.

Mama aliyekaa karibu nami alikuwa mtu wa maswali. "Unakwenda wapi, dada?"

"Namfuata mume wangu."

"Kakukimbia?"

"Hapana. Yeye anakwenda na pikipiki."

"Na nani?"

"Peke yake."

Akanipapasa goti kwa huruma. "Ndivyo wanavyosema."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, basi letu limeshaacha mji na kuingia barabara iliyonyooka, niliposikia mngurumo nyuma yetu, mzito. Nikageukia dirisha. Kifaru ya kijivu ilikuwa inatupita, polepole, kwa adabu zake zote, taa ya kuomba njia inawaka. Ilikuja ikawa sawa na dirisha langu kabisa. Nilimwona kutoka juu, helmeti, mabega, mikono.

Kisha nikaona alivyokaa, na nikasahau yule mama wa pembeni. Siti ile ni ya mtu mmoja, imetengenezwa mtu ajaze yote, mgongo wake uegemee boksi. Yeye alikuwa amesogea mbele mpaka magoti yamebana tangi, kakaa kwenye ncha, mahali panapoumiza, na nyuma yake ameacha nafasi. Kazi yangu ni kuona vitu hivyo. Mtu hakai hivyo akiwa peke yake.

Niligonga kioo kwa ngumi, nikamwita kwa jina lake. Hakusikia, alikuwa amevaa helmeti, na anaangalia barabara.